Mukwe Anayekula Nyuma ya Ukuta

Tarehe 4 Novemba

Na bado ninasema hapana, Kanyinda wangu hakoromi. Anapumua kwa nguvu, basi. Zaituni, jirani yetu anayeuza vitenge sokoni, anadai mabati ya nyumba yake yanatikisika, lakini yeye ameolewa miaka mingi na amesahau jinsi ya kumsikiliza mume. Mimi nimeolewa tangu Agosti. Nikitangulia kuamka ninamtazama alivyoweka mkono chini ya shavu kama mtoto wa shule, na ninajiuliza Mungu aliniona nikifanya jambo gani jema hata akanipa karani wa depo ya mahindi mwenye macho yale.

Mvua kubwa ya kwanza ilinyesha jana. Njia ya kwenda kituo cha treni cha hapa Kamina imekuwa uji.

Tarehe 7 Novemba

Ameniletea uyoga kutoka sokoni, ameufunika kwa kofia yake usilowe. Yeye mwenyewe kichwa chote kilikuwa maji. Uyoga umenyeshewa tangu ulipozaliwa, mpenzi wangu. Sikumwambia.

Tarehe 12 Novemba

Mjomba Numbi amepiga simu kutoka Mulongo, anakoishi na mama. Mama ametoka tena nyumbani bila viatu. Wavuvi wamemkuta kwenye matete kando ya mto, amesimama ndani ya maji mpaka kiunoni, anabishana na watu wasiokuwepo.

Ugonjwa huu ulimwanza mwaka ule tulipokimbia wenye silaha upande wa Malemba. Ulikuwa unakuja na kwenda, kama mgeni anayejua njia. Safari hii hauendi. Katika kituo cha afya cha Mulongo walimpa dawa ya malaria kwa sababu ndiyo waliyokuwa nayo. Kisha watu wa maombi wakamchukua kwenye chumba chao. Mjomba alisema haraka haraka kwamba huko walimfunga kidogo. Nikamuuliza kidogo ni namna gani. Akanyamaza, nikawa nasikia mvua ya kwake ndani ya simu.

Kanyinda alichukua simu mkononi mwangu na kumwambia mjomba amlete hapa. Hakuniuliza. Hakuhesabu vyumba. Nililia kwenye shati lake mpaka likabidi alibadilishe kabla ya kwenda kazini.

Tarehe 19 Novemba

Mama amefika. Mjomba amemleta kwa pikipiki, amemfunga kwa kitenge mgongoni mwake kama mtoto mchanga. Wote wawili walikuwa rangi moja, rangi ya tope. Kifundo cha mguu wa mama kina duara la kidonda. Mjomba alikula, akalala akiwa ameketi, na asubuhi akaondoka na maneno machache sana. Nilimchukia. Niandike ukweli, nilimchukia kwa ajili ya lile duara.

Kanyinda alipoona pikipiki inaingia aliruka uzio wa nyuma na kuangukia kwa Zaituni, katikati ya sufuria zake. Hapo angalau nilicheka. Nimekua nikimwona baba yangu, Mungu amrehemu, akijitosa katika mihogo kila bibi mzaa mama alipotokea njiani. Ndiyo heshima ya bukwe. Mwanaume na mama wa mke wake hawatazamani, hawali mahali pamoja, hawapeani kitu mkono kwa mkono, mpaka mtoto wa kwanza azaliwe na wazee waondoe haya; anayevunja, husemwa watoto wake watatetemeka. Kwa Waluba wa huku kwetu ni hivyo, na kwa watu wa Kasai, kwao Kanyinda, ni hivyo na zaidi.

Basi mama analala katika nyumba ndogo ya uani tuliyokuwa tunaweka makaa. Kanyinda aliisafisha na kuipaka chokaa kabla hajafika. Yeye sasa anapita kwa Zaituni, anaingia kwa mlango wa nyuma, anakula nyuma ya ukuta wa jiko na kuongea nami kwa sauti ya chini ili mama asifadhaike. Ni nani mwingine angefanya hivyo?

Tarehe 22 Novemba

Tumekwenda hospitali. Mwenye kujua magonjwa ya kichwa ni mmoja tu, muuguzi Ézéchias. Kila mtu anamwita docta, naye kila mara anakataa, kisha anaacha kukataa. Alisomea kazi hii miezi kadhaa Lubumbashi, akarudishwa hapa na boksi la vidonge. Chumba chake ni kile kile cha chanjo. Siku za chanjo wagonjwa wake wanangoja nje pamoja na kina mama wenye watoto wanaolia.

Alimwuliza mama nani anamsumbua. Mama akasema ni watu wa nyuma. Nyuma ya nini? Nyuma tu, akasema, na akageuka kutazama.

Amepewa vidonge, asubuhi na jioni. Turudi Jumanne.

Tarehe 30 Novemba

Mama amelala vizuri. Leo ametwanga mwenyewe sombe, majani ya mihogo, na kumwambia Zaituni kwamba kwa jinsi anavyoshika mwichi, bila shaka mume wake amekonda. Zaituni akajibu mume wake amenenepa, ila kwa chakula cha nyumba nyingine. Walicheka mpaka mama akakaa chini.

Vidonge vya hospitali vimekwisha. Kanyinda anavinunua katika famasi ya mjini akitoka kazini. Nimempenda zaidi leo kwa jambo hili: anafika kwenye pembe ya nyumba, anaweka kifurushi chini juu ya jiwe, anakohoa mara moja, anageuza uso na kuondoka haraka bila kutazama nyuma. Mimi ninakwenda kukiokota na kumpelekea mama. Ni kama ngoma tuliyoifanyia mazoezi. Wanawake wengi wana waume wasiosalimia hata mama zao wenyewe.

Tarehe 3 Desemba

Mvua. Nguo hazikauki.

Tarehe 4 Desemba

Mvua.

Tarehe 9 Desemba

Mama hataki vidonge. Alikitia kimoja mdomoni, akakitema kwenye majivu alipodhani simwoni.

Tarehe 13 Desemba

Nimekuta vidonge sita vimeshonwa ndani ya pindo la kitenge chake. Ameshona vizuri sana, mshono mdogo mdogo, kama alivyonifundisha zamani.

Ninatapika asubuhi. Zaituni alinitazama mara moja tu, akaanza kupiga vigelegele kwa sauti ya chini. Nilipomwambia Kanyinda, aliketi chini kwenye sakafu.  Alishika mguu wangu, sijui kwa nini mguu, na kuushikilia.

Tarehe 17 Desemba

Tulikwenda hospitali, Ézéchias hayupo. Ametumwa vijijini na timu ya chanjo, maana yeye pia ni mtu wa chanjo. Kulikuwa na watu wengine wanangoja bila kujua. Mwanaume mmoja wa upande wa Kabongo alikuwa amemleta mdogo wake juu ya baiskeli, amemfunga miguu kwenye kiti ili asiruke. Alipoambiwa arudi wiki ijayo hakukasirika. Aliuliza tu kama anaweza kulala pale barazani. Kwao, aliniambia, walimwambia aende Kamina, Kamina ni mji, kila kitu kiko.

Jioni Ariane, dada wa Kanyinda anayekaa Lubumbashi, alipiga simu kutupa hongera ya mimba. Nilipomsimulia akaguna na kusema ndivyo ilivyo huko porini kwenu. Sikujua nicheke au nilie. Porini ndiko yule mwanaume wa Kabongo alikokuja kutafuta mji.

Tarehe 21 Desemba

Mama haongei nami. Anakaa mlangoni kwake na mwichi mapajani. Ninapopita anaacha kupumua.

Nimechoka. Ninampenda mume wangu na nimechoka, yote mawili kwa wakati mmoja, sikujua yanawezekana.

Tarehe 25 Desemba

Niandike yote, maana nisipoandika sitalala.

Tulipotoka kanisani nilipika kuku na bukari, ugali wetu wa huku. Nilimpelekea mama sahani yake, hakuigusa. Nilimpelekea Kanyinda yake nyuma ya ukuta wa jiko. Alikuwa ananihadithia, kwa ile sauti ya chini, jinsi mchungaji alivyosahau mistari ya wimbo. Nikarudi ndani kuchukua chumvi. Nikasikia kishindo.

Mama alikuwa amezunguka nyumba. Alimpiga kwa mwichi kichwani, kisha begani, na alikuwa anauinua tena. Na Kanyinda, mwanaume wa miaka thelathini anayebeba magunia depo wapagazi wasipokuja, alikuwa amefunika uso kwa mikono miwili na kupiga magoti. Hakuushika mwichi. Hakuweza kumgusa. Hata kumtazama ili akwepe hakuweza. Aliinuka akiwa amefumba macho, akagonga ukuta, akakimbilia kwenye mvua, damu ikimtiririka ndani ya shati jeupe la Noeli.

Nilimkumbatia mama kwa nyuma. Alikuwa anatetemeka kama kuku aliyelowa. Zaituni alikuja akachukua mwichi. Tulimpeleka kwenye nyumba yake ndogo, nikaketi naye kwenye mkeka. Nilitaka kumpigia kelele. Nilimwuliza tu, mama, kwa nini?

Akaniuliza yeye. Na kwa mara ya kwanza tangu Mulongo alikuwa ananitazama machoni.

"Ule muntu anakulaka nyuma ya ukuta, njo nani?"

"Njo mukwe yako, mama. Njo bwana yangu."

"Mukwe yangu sijamuonaka hata siku moya." Alisema polepole, kama mtu anayemwelewesha mjinga. "Minyi nasikia tu sauti, chini chini. Nasikia jina yangu. Nikitoka, anakimbia. Anaweka kitu pale kwa jiwe, anageuza uso, anakimbia. Weye unaokota, unanileteya, unasema kunywa. Kama ni dawa, juu ya nini anakimbia?"

Nilichukua sahani yake isiyoguswa, nikatoka. Sasa nimekaa hapa na kalamu.

Watu wa mama wasiokuwepo, sijui ni wangapi. Lakini mmoja alikuwepo. Mmoja alikuwa anakula bukari yangu. Mwezi mzima tumemwambia mama hakuna mtu nyuma yako, na nyuma yake kulikuwa na mtu ambaye tumemwagiza ajifiche. Ile ngoma yetu niliyoipenda! Yeye alikuwa mtazamaji wake peke yake, na alikuwa anaona watu wanamwekea sumu.

Tena yeye ni Mluba, anaijua bukwe kuliko mimi. Labda mtu mzima wa kichwa angejiambia, ni mkwe huyo. Kichwa kinachoumwa hakina nafasi ya kujiambia.

Tarehe 27 Desemba

Kanyinda ameshonwa kichwani. Ninakibusu kile kitambaa cheupe asubuhi na jioni. Nilipomweleza maneno ya mama alisema, "Kwa hiyo ni mimi." Nikamwambia si wewe, ni sisi. 

Ézéchias amerudi. Hakutuficha kitu. Mama anahitaji sindano ya kila mwezi ambayo haiwezi kushonwa kwenye pindo, na daktari wa kumtazama wakati inaanza kufanya kazi. Vyote viko Lubumbashi. Hapa sindano iliwahi kuja na mradi mmoja, mradi ukaisha. Alisema hayo akifunga boksi la chanjo kwa kamba. Nilipomshukuru, alisema asante za watu zinamchosha kuliko matusi.

Mgonjwa haendi peke yake. Lazima ndugu akae naye hospitali, ampikie, amwangalie, ampe dawa. Nimesema nitakwenda mimi. Nani mwingine? Mimi ndiye mtoto wake wa pekee aliye hai.

Tarehe 2 Januari

Damu. Si nyingi. Mkunga wa maternite amesema nilale, nisibebe hata ndoo, na akisikia nimepanda treni au lori atakuja kunishusha mwenyewe.

Ninaandika nikiwa nimelala chali. Wino haushuki vizuri.

Tarehe 3 Januari

Mjomba Numbi amepiga simu. Habari za mwichi zimefika mpaka Mulongo, sijui kwa mdomo wa nani. Anakuja wiki hii kumrudisha. Watu wa chumba cha maombi wamekubali kumpokea tena. Nilimwambia kuhusu Lubumbashi. Akauliza nani atakwenda naye. Nikanyamaza, zamu yangu ya kunyamaza.

"Minyi pia nimechoka, mutoto," akasema. "Si kwamba simupendi. Ni dada yangu. Nimechoka."

Lile duara mguuni lilikuwa limeanza kupona.

Tarehe 4 Januari

Kanyinda amesema atampeleka yeye.

Alisema akiwa anamenya kitunguu, maana sasa anapika yeye. Nilidhani machozi ni ya kitunguu. Likizo atapewa, Ariane atamwogesha mama, yeye atafanya yaliyobaki. Nikamuuliza utampaje dawa mtu usiyeweza kumtazama? Utaketi naye behewa moja kwa namna gani? Akasema haya itabidi iondolewe sasa, kabla ya mtoto.

Kuna shangazi yake, Mulanga, dada wa marehemu baba yake, aliyemlea. Bila yeye hakuna jambo la ukoo linalofanyika. Alikuja jioni, akasikiliza, akasema hapana. Kuondoa haya kabla ya mtoto wa kwanza ni kumwita mtoto kabla hajawa tayari, na tazama, tayari kuna damu. Alininyooshea mimi kidole, nimelala pale kama ushahidi. Kisha akavaa viatu vyake na kwenda.

Nilimchukia na yeye. Orodha yangu inarefuka. Na kusema kweli niliogopa pia, niliweka mkono tumboni na kuogopa.

Tarehe 5 Januari

Mvua. Mama anaimba peke yake, wimbo mmoja, bila kumaliza.

Tarehe 6 Januari

Shangazi Mulanga amerudi. Alileta kuku jike mweupe chini ya kwapa na hakusalimia. Aliketi kitandani kwangu.

Alinisimulia jambo ambalo Kanyinda mwenyewe hakuwahi kulisikia. Mwaka ule walipofukuzwa Likasi kwa ajili ya kabila lao, watu wa Kasai walipakiwa katika mabehewa, familia juu ya familia. Mume wake alijikuta goti kwa goti na mama mkwe wake. Wazee walitundika kitenge katikati ya behewa ili watu wa bukwe wasionane, na siku za kwanza kila mtu alikiheshimu kile kitenge hata katika joto lile. Kisha watoto wakaanza kuharisha. Mmoja wao alipokufa, hapakuwa na nguo ya kumfunga. Wakashusha kile kitenge.

"Kisha mama yangu akamunywesha bwana yangu maji na mukono yake," alisema, "na hakuna mwenye kuuliza. Tulishuka hapa Kamina. Nikazaa tatu. Hakuna hata moya mwenye kutetemeka."

Nilitaka kumshika mkono, akauondoa, akaenda kumfunga kuku.

"Kama munavunja, muke yetu, muvunje muzuri. Si ovyo kama bantu ba mu behewa."

Tarehe 7 Januari

Walinibeba na godoro mpaka mlangoni nione.

Shangazi alitandika mkeka uani, mvua ilikuwa imetupa nafasi. Mama aliketi akitazama nyumba yake, Kanyinda akaketi nyuma yake akitazama uzio, migongo yao karibu kugusana. Shangazi alisema maneno ya kwao kwa Kiluba cha Kasai, mama akawa anaitikia kwa cha kwetu, palepale panapotakiwa, kana kwamba hakuna kilichowahi kuvunjika ndani yake. Kisha katikati akageuka kumgombeza mtu upande wa mwembe, mtu ambaye hatukumwona. Shangazi alingoja amalize. Hakuonyesha haraka. Kuku akatoka mkono wa Kanyinda kwenda wa shangazi, wa shangazi kwenda wa mama.

Halafu akawaambia wageuke.

Sijawahi kumwona mume wangu akiogopa vile. Alikuwa na kile kitambaa kichwani na jasho juu ya mdomo. Mama alimtazama tangu nywele mpaka viatu, akarudia tena.

"Njo weye?"

"Njo minyi, mama."

"Uko mufupi," mama akasema. "Sauti yako ni ya muntu murefu."

Zaituni ndiye aliyeanza kucheka. Baadaye hata shangazi. Kanyinda alimpa maji kwa mkono wake, mama akanywa. Alipompa kidonge, mama akakishika kwenye kiganja na kusema basi kunywa cha kwako kwanza. Akakinywa, mpenzi wangu, bila kubisha, kimoja kizima. Mama akanywa chake. Walikula kuku sahani moja, kisha mume wangu akaanguka usingizi juu ya mkeka, na hapo nikubali mbele ya Zaituni na mabati yake yote: alikoroma.

Tarehe 9 Januari

Mjomba Numbi amefika na pikipiki yake ya tope. Alimkuta dada yake anachambua maharagwe, na mkwe ameketi kando yake anachambua vibaya, anakemewa. Alisimama na helmeti mkononi. Alikuwa amebeba mnyororo ndani ya begi, niliuona alipotoa taulo. Alikuwa ameuzungushia vitambaa pande zote, kwa uangalifu, ili usimkate tena. Nadhani alikaa jioni kadhaa akiuzungushia.

Siwezi kumchukia tena. Nimejaribu.

Tarehe 14 Januari

Treni ilisemekana Alhamisi. Imekuja leo, maji yalikuwa yamekula udongo chini ya reli upande wa Luena. Sikuruhusiwa kwenda kituoni. Kanyinda alinibusu mbele ya mama na mbele ya shangazi, na mama akatazama pembeni kwa adabu. Alibeba sufuria, makaa, mkeka, na mfuko wa unga. Mama alimshika mkia wa shati wasipotezane.

Kitanda hiki ni kikubwa mno.

Tarehe 15 Januari

Mvua.

Tarehe 18 Januari

Hakuna simu. Labda reli imekatika tena.

Tarehe 20 Januari

Wamefika! Sauti yake imekauka. Wamepokelewa, mama amechomwa sindano ya kwanza. Huko pia watu ni wengi kuliko vitanda, na kuna familia za mjini zinazomleta mgonjwa na kubadilisha namba ya simu. Lakini daktari yupo leo, na kesho atakuwepo. Kanyinda alilisema hilo mara mbili, kana kwamba ni muujiza. Nilimwambia ninampenda. Nyuma yake mama akauliza kwa sauti nani anamaliza yuniti za simu kwa upuuzi.

Tarehe 26 Januari

Wanawake wa wodi walimcheka Kanyinda akifua vitenge bombani. Mmoja akamwuliza mama yake ana bahati gani kuzaa mtoto wa namna hiyo. Akajibu si mama yake, ni mama mkwe. Anasema bomba zima lilinyamaza. Kesho yake walimwachia nafasi ya kwanza kwenye foleni. Hajui kama ni heshima au wanamwogopa.

Damu haijarudi. Shangazi Mulanga anakuja kila siku, ananipikia, ananitukana ninapoinuka.

Tarehe 2 Februari

Mama mwili umekakamaa, shingo inavutwa upande. Daktari amepunguza dawa. Hii ndiyo sababu Ézéchias alisema panatakiwa daktari wa kutazama. Ninafikiria ingetokea Mulongo, ingeitwa nini, na angefungwa wapi.

Tarehe 5 Februari

Shingo imenyooka. Ninalala mchana kama mzee.

Tarehe 10 Februari

Mama anatoka hospitali. Nilipiga vigelegele nikiwa nimelala, Zaituni akaitikia kutoka kwake bila kujua ni vya nini.

Kisha Kanyinda akaniambia nusu ya pili. Sindano ni kila mwezi, labda miaka. Na daktari amwone. Nilimtuma shangazi kwa Ézéchias kuuliza tena, labda mradi mwingine, labda boksi moja. Alirudi akitikisa kichwa tangu mbali. Mulongo hatukuuliza hata. Basi mama atabaki Lubumbashi kwa Ariane, katika chumba kimoja na watoto wake. Kanyinda atarudi, depo haiwezi kumngoja zaidi. Mama amepona kiasi cha kutamani nyumbani, na nyumbani ndiko asikoweza kwenda.

Jioni alichukua simu mwenyewe. Sauti yake ilikuwa ile ya zamani, ya kabla ya kukimbia, nzito kidogo kwa dawa. Aliuliza nani anapalilia mihogo yake. Nikasema mjomba. Akasema mjomba anapalilia kama anachimba kaburi. Akauliza habari za tumbo. Nikamwambia mkunga ameniruhusu kusafiri tangu jana, nikae tu mahali pazuri ndani ya treni na nisishike mzigo. Nikasikia magari ya huko, mengi.

"Sasa minyi njo muntu wa huku?" akauliza.

Sikutaka kumdanganya. Nimechoka na maneno ya chini chini. Nikamwambia ndiyo, mama, kwa sasa wewe ni mtu wa huko, kwa sababu dawa ni ya huko. Lakini mimi nitakuja, mimi mwenyewe na hili tumbo, utuone, kabla mwezi huu haujaisha.

"Februari ni mufupi," akasema.

Ninajua, mama. Kabla haujaisha.